Wapangwa Walifua Jembe, Sisi Tunaliagiza

Katika ngao ya nembo ya taifa letu, jembe na shoka vimepishana, na mkuki umesimama kati yake. Vyote vitatu ni kazi ya chuma. Lakini ingia leo duka la zana za kilimo pale Makambako, mji ambako barabara ya Tunduma inaachana na ile ya Njombe na Songea, uyageuze majembe yaliyorundikwa mlangoni uone yalikotoka. Mengi yamevuka bahari. Hilo peke yake si aibu, maana watu wa pwani na bara wameuziana vitu na wageni tangu zama za majahazi. Aibu ni kwamba kutoka mlango huo wa duka hadi vilima vya Liganga, wilayani Ludewa, hutoki nje ya mkoa wa Njombe. Na katika vilima hivyo serikali yenyewe imehesabu tani milioni 126 za mawe ya chuma, na Mchuchuma, jirani yake, tani milioni 428 za makaa ya mawe. Tumekalia chuma, na jembe tunaliagiza.

Wazee wa nchi ile wasingetuelewa. Wapangwa, ambao kwao ni katika milima ya Livingstone inayolitazama Ziwa Nyasa, walikuwa wayeyushaji chuma kabla Mjerumani hajasimika bendera. Si wao tu. Wafipa wa upande wa Sumbawanga walikuwa na tanuri za udongo zilizomzidi mtu kimo, zenye matundu chini ya kuvutia upepo, na mabaki yake bado yamesimama huko porini. Mwanaakiolojia wa Norway, Randi Barndon, aliwafuatilia wayeyushaji wa makabila haya mawili na kuandika juu yao kitabu kizima kilichotoka mwaka 2004. Anayetaka kujua babu zetu walifika wapi katika ufundi huu asianze na hadithi za vijiweni. Kazi imekwisha kufanywa.

Nataka tuitazame kazi ile ilivyokwenda, kwa sababu ndani yake mna jibu la swali linaloisumbua serikali yetu leo. Jiwe la chuma lilitoka kilimani kwa mikono ya wachimbaji. Wakati huohuo wengine walikuwa msituni wakichagua miti migumu, wakiikata na kuichoma makaa. Na makaa yaliyotakiwa yalikuwa mengi kuliko mawe yenyewe. Wengine walikanda udongo wa tanuri na wa neli za kupitishia hewa. Wengine walivuta mivuo kwa zamu, usiku na mchana, kwa sababu moto wa chuma ukipoa katikati, kazi yote inageuka mavi ya chuma yasiyofaa kitu. Kisha donge lililotoka lilipelekwa kwa mhunzi, ambaye alilipiga na kulipiga mpaka likawa jembe. Na jembe lilikuwa na mahali pa kwenda: lilibadilishwa kwa mbuzi na nafaka, na katika sehemu nyingi za bara lilihesabiwa katika mahari. Msichana aliolewa kwa majembe, na majembe yale yakaenda kuoa msichana mwingine.

Juu ya wote alikuwapo fundi mkuu. Yeye ndiye aliyekuwa na kikapu cha dawa, yeye ndiye aliyetamka siku ya kuwasha moto, na tanuri likishindwa kuzaa, yeye ndiye aliyeulizwa. Nasema kuzaa kwa makusudi. Tanuri lilitendewa kama mwanamke, likapambwa kama bibi harusi, na wanaume waliokuwa kazini walitakiwa kukaa mbali na wake zao mpaka chuma kitoke. Wamisionari waliandika kwamba huo ni ushirikina. Mimi, pamoja na heshima yangu kwa watu wa dini, nauona pia kama ratiba. Mwiko uliwaweka watu kumi au ishirini mahali pamoja, kwa majuma, bila mmoja wao kusema anakwenda nyumbani mara moja atarudi. Ulimfanya mchoma makaa asichelewe na mvuta mivuo asilale. Pale ambapo hapakuwa na mkataba wala mshahara, mwiko ndio uliokuwa mkataba.

Na angalia hili: hakuna habari ya Mpangwa aliyetajirika kwa sababu tu kilima kilikuwa chake. Mawe yalikuwepo siku zote, mvua ikiyanyeshea, mbuzi wakiyapanda. Utajiri ulianza siku ambapo mchimbaji, mchoma makaa, mfinyanzi, mvuta mivuo na mhunzi walikubali kusikiliza sauti moja.

Tanuri zile zilizimwa na mambo mengi yaliyokuja kwa mfuatano. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 viliifikia nchi ya Wapangwa na ya Wabena. Mtemi Mbeyela wa Njombe naye aliingia vitani, misheni ya Yakobi ikashambuliwa, na Wajerumani walijibu kwa kuchoma vyakula mashambani na maghalani. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Baada ya hapo yalikuja majembe ya viwandani kutoka Ulaya, mepesi na ya bei nafuu, na kijana wa Kipangwa aliyetakiwa kulipa kodi kwa fedha akaona heri aende manamba kwenye mashamba ya mkonge kuliko kuchoma makaa. Kufikia katikati ya karne ya 20 waliobaki wakiijua kazi ile walikuwa wazee wachache. Hakuna aliyewapiga marufuku kwa siku moja. Kila kiungo cha ile kazi kilikatika kwa wakati wake, na mwisho fundi mkuu akabaki na kikapu chake bila watu wa kuwaongoza.

Uhuru ulipokuja, tulijaribu kurudi. Kiwanda cha zana cha UFI, Ubungo, kilijengwa kwa msaada wa Wachina kutufulia majembe, na baadaye Mbeya ikapata ZZK. Mkakati wa viwanda vya msingi wa 1975 hadi 1995 ulilenga nchi ijitengenezee chuma chake yenyewe, na macho yalielekea Liganga. Lakini majembe ya Ubungo yalifuliwa kwa chuma cha kuagiza. Fedha za kigeni zilipokauka miaka ya 1980, chuma kikakosekana, na kiwanda cha jembe la Mtanzania kikabaki kinangoja meli. Hapo ndipo methali ya wazee ilipotuumbua: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Sasa tufike kwenye Liganga ya siku zetu. Septemba 2011, Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, liliungana na kampuni ya Sichuan Hongda ya China. Katika kampuni yao ya pamoja Mchina alipata asilimia 80 na sisi 20, kwa uwekezaji wa dola bilioni 3. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi: makaa ya Mchuchuma yachimbwe, yaendeshe mtambo wa umeme wa megawati 600, umeme huo uyeyushe chuma cha Liganga, na kiwanda kitoe tani milioni moja kwa mwaka. Kila kitu kilikuwa kimefungwa kwa kingine, mnyororo kamili. Shida ya mnyororo ni kwamba pete moja ikikwama, zote zinasimama. Ndivyo ilivyokuwa. Mwekezaji alitaka misamaha ya kodi aliyoahidiwa. Serikali ikataka kuitazama upya. Mwaka 2017 zikapitishwa sheria za umiliki wa kudumu wa rasilimali na za kupitia upya mikataba yenye masharti mabaya, na mkataba wa Liganga ukaingia kwenye foleni hiyo. Wakati huo wananchi wa Mundindi na Nkomang'ombe walikuwa wamekwisha kufanyiwa tathmini ya mashamba na nyumba zao, wakaambiwa wasiendeleze. Fidia yao, zaidi ya shilingi bilioni 15, ilianza kulipwa mwaka 2023.

Nitasema haki ya serikali kwanza. Haraka haraka haina baraka, na mkataba wa mawe ukiharibika, mjukuu ndiye atakayelia. Tuliyaona hayo kwenye dhahabu, ambako kwa miaka mingi makontena ya makinikia yalipita bandarini na sisi tukibishana yamebeba nini, mpaka Machi 2017 yalipozuiwa. Kurudi mezani na mwekezaji si kosa. Lakini methali ile ina dada yake: ngoja ngoja huumiza matumbo. Mkulima aliyekatazwa kupanda miti kwenye shamba lake kwa miaka, wakati jirani yake wa Njombe anavuna mbao na parachichi, ameumizwa tumbo kwelikweli. Na jambo lisilosemwa ni kwamba ngoja ngoja ile haikuwa ya kufikiri. Kwa sehemu kubwa ilikuwa ya kungojana. Wizara ya Viwanda wanangoja ya Fedha waseme kuhusu kodi, Fedha wanangoja Madini waseme kuhusu thamani ya mawe, Nishati wanangoja mtambo, wenye reli wanangoja mzigo, mwekezaji anawangoja wote. Ni wapishi wa chungu kimoja, kila mmoja akimtazama mwenzake alete chumvi, na moto umezimika.

Madhara ya kungojana yanaonekana vizuri zaidi kwenye umeme. Septemba 2021, Rais Xi Jinping wa China alitangaza mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba nchi yake haitajenga tena mitambo mipya ya umeme wa makaa nje ya China. Kwa sentensi hiyo moja, pete ya katikati ya mpango wa 2011 ikalegea. Hapa ndani nako mambo yalibadilika. Njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa mkono wa Sweden, ilishafika. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye megawati 2,115, limekamilika. Ndani ya mkoa wa Njombe wenyewe kuna mipango ya Ruhudji na Rumakali, yote ya nguvu za maji. Kwa hiyo swali la leo si lile la 2011. Makaa ya Mchuchuma bado yana kazi ya kuyeyushia, ila hayahitaji tena kuwa mama wa umeme. Fundi mkuu, angekuwepo, angeshabadilisha ratiba.

Na mahitaji ya dunia nayo yamebadilika, na hapa ndipo jambo linapokuwa zito kuliko majembe. Mawe ya Liganga si chuma kitupu. Yamechanganyika na titani na vanadi. Titani inaingia kwenye rangi nyeupe za nyumba na kwenye mwili wa ndege. Vanadi kidogo tu, sehemu moja katika elfu, inaifanya nondo iwe na nguvu zaidi, na siku hizi inaingia pia kwenye betri kubwa za kuhifadhi umeme. Zaidi ya nusu ya vanadi yote ya dunia inatoka China. Mwaka 2018 China ilibadilisha viwango vya ubora wa nondo zake, na bei ya vanadi duniani ikaruka hadi kilele cha miaka mingi. Fundi wa Njombe hakuambiwa, lakini dunia ya chuma ikawa imetikiswa na karatasi iliyotiwa saini Beijing. Miaka michache baadaye, 2021 na 2022, kila aliyejenga alionja: nondo na bati vilipanda bei kwa sababu za huko mbali, na kuta nyingi zikakaa bila paa.

Wakubwa wenyewe wanaogopa hali hiyo ya kumtegemea muuzaji mmoja. Mwaka 2010, baada ya ugomvi wa mashua baharini, shehena za madini adimu kutoka China kwenda Japani zilikwama kwa muda. Wajapani, taifa lenye viwanda kutuzidi mara nyingi, waligundua kwamba kwa karibu asilimia 90 ya madini hayo wanamtegemea jirani mmoja. Hawakupiga kelele nyingi. Walikuwa na shirika lao la serikali, JOGMEC, lililoanzishwa 2004. Shirika hilo pamoja na kampuni ya biashara ya Sojitz wakaweka dola milioni 250 kwa mchimbaji wa Australia, Lynas. Viwanda vikasaidiwa kutumia madini kidogo zaidi, akiba ikawekwa. Leo utegemezi ule umeshuka hadi kama asilimia 60. Haujaisha, lakini umepungua, kwa sababu mwenye fedha, mwenye kiwanda na mwenye akiba walikaa meza moja. Ulaya nayo mwaka 2024 ikapitisha sheria kwamba kufikia 2030 isitegemee nchi moja kwa zaidi ya asilimia 65 ya madini yoyote ya mkakati. Hao ni watu wasio na Liganga.

Kuna mfano wa karibu zaidi na mawe yetu, na una utamu na uchungu. Mawe ya namna ya Liganga, chuma kilichoshikana na titani, yana tabia mbaya: titani inaziba tanuri la kawaida. Ndiyo sababu moja iliyofanya wataalamu wengi waangalie Liganga na kuondoka. China ilikuwa na mawe hayohayo huko Panzhihua, jimboni Sichuan, kwenye milima isiyopitika. Mwaka 1965 serikali yao iliamua. Wanasayansi waliitwa kutafuta njia ya kuyeyusha, migodi ikafunguliwa, na reli ya Chengdu hadi Kunming ikachimbwa kupitia milima. Mwaka 1970 chuma cha kwanza kilitiririka, na mwaka huohuo reli ikafunguliwa. Uchungu ni kwamba wafanyakazi wengi walikufa kwenye mahandaki ya reli ile, na mimi sitaki mtoto wa Ludewa afe hivyo. Amri ya kijeshi hatuihitaji. Lakini lililofanyika Panzhihua ni lile la tanuri la Mpangwa, limekuzwa mara milioni: mwenye mawe, mwenye makaa, mwenye njia na mwenye ujuzi walipewa siku moja ya kuwasha moto. Na pengine si bahati tu kwamba aliyekuja kuomba Liganga mwaka 2011 alitoka Sichuan. Huko mawe hayo wanayajua.

Msomaji mwenye umri atanikatiza hapa. Atasema, serikali tumeiona ikiratibu. Tuliona mashirika ya umma yakifa moja baada ya jingine, na manahodha wengi chombo huenda mrama. Ana haki. TAZARA inapita hapohapo Makambako. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860, na katika kuijenga nchi tatu ziliratibu kazi kuliko katika mradi wowote tulioufanya tangu uhuru. Reli ilitengenezwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka, na haijawahi kuufikia mzigo huo hata mwaka mmoja. Leo shaba ya Zambia na Kongo inapita Makambako juu ya malori, ikiiharibu lami, reli ikiwa pembeni. Kujenga tuliweza, kulisha moto kila siku ndiko kulikotushinda. Ndiyo maana uratibu ninaousema hapa si wa siku ya kukata utepe. Mivuo huvutwa kila siku, na wazee walijua hivyo.

Vilevile nakumbusha ya 2016. Serikali ilipiga marufuku makaa ya mawe kutoka nje ili viwanda vinunue ya Ngaka, Mbinga. Nia ilikuwa njema, kabisa. Lakini kiwanda cha saruji cha Dangote kule Mtwara, kilichokuwa kikileta makaa kwa meli kutoka Afrika Kusini, kikalalamika kwamba ya ndani hayatoshi, ni ghali na barabara ni mbovu. Malumbano yakawa makubwa, mpaka kiwanda kikapewa eneo lake la kuchimba chenyewe. Katazo lilitangulia, mawasiliano yakafuata nyuma. Leo malori ya makaa ya Ruvuma yanapita Njombe kwa foleni, kwa hiyo jambo lilifanikiwa hatimaye. Lakini njia yake ilikuwa ya kugombana kwanza na kupanga baadaye. Mzee wa Kipangwa asingewakataza watu kununua jembe la mgeni kabla tanuri lake halijazaa.

Upande wa pili wa mpaka kuna onyo jingine. Kwale, Kenya, mchanga wenye titani ulichimbwa na kusafirishwa nje tangu 2014, na Desemba 2024 mgodi ukafungwa kwa sababu mchanga uliofaa umekwisha. Kenya ilipata kodi na ajira, lakini kiwanda cha kutengeneza rangi hakikufuata. Kwa hiyo sisi tukikimbilia kuuza mawe ya Liganga yalivyo, kwa kisingizio kwamba tumechoka kungoja, tutakuwa tumefunga safari ya miaka mingi na kuishia mlango wa Kwale. Nafurahi Wizara ya Madini, chini ya Waziri Anthony Mavunde, imesisitiza madini yasitoke ghafi na imelenga kupima asilimia 50 ya nchi kufikia 2030, kutoka 16. Kupima ni jambo jema. Lakini Liganga ilikwisha kupimwa zamani. Kinachokosekana kule si ramani.

Kinachokosekana ni fundi mkuu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la Liganga leo limegawanywa kurasa kwa wizara nyingi. Ningependa kuona ofisi moja, yenye mtu mmoja mwenye jina, aliyepewa mamlaka juu ya kodi, umeme, barabara, reli, mafunzo na soko la chuma cha Ludewa, anayesimama mbele ya Bunge kila mwaka na kusema wapi amefika na wapi ameshindwa. Kamati hapana, kamati hailaumiki. Ofisi hiyo ianze na lililo mkononi. Barabara ya zege ya kutoka Lusitu hadi Mawengi imejengwa, kwa uzito wa malori na mvua za milima ile, ikitangulia mgodi wenyewe. Umeme upo Makambako. TAZARA imepata mwendeshaji kutoka China kwa mkataba wa dola bilioni 1.4, aulizwe mapema atachukua tani ngapi kutoka Makambako, na kwa bei gani, kabla hajajaza mabehewa yake shaba ya wengine.

Na soko? Hili ndilo ningelianza. Wapangwa hawakuwasha tanuri bila kujua majembe yanakwenda kwa nani. Serikali ndiyo mnunuzi mkubwa wa chuma nchini: madaraja, reli ya kisasa, nguzo za umeme, madarasa. Nondo nyingi za viwanda vyetu zinatoka kwenye chuma chakavu na vipande vya kuagiza, na biashara ya chakavu imefika mahali vibao vya barabarani na vyuma vya reli vinang'olewa usiku. Serikali ikitangaza leo kwamba sehemu fulani ya nondo za miradi yake itanunuliwa kutoka Ludewa kuanzia mwaka fulani, kwa ubora unaokubalika na bei isiyozidi ya soko, mwenye fedha yeyote, Mchina au Mtanzania, atajua anachokijia. Bila ahadi hiyo, tunamwomba mtu ajenge jiko halafu atafute walaji.

Vijana nao wasisahaulike. Mkoa wa Njombe una mafundi wa kuchomelea milango na majiko kila kona ya mji. Mafundi hao ndio wahunzi wa leo. Chuo cha ufundi Njombe kikianza kufundisha uyeyushaji na upimaji wa chuma sasa, mwanafunzi wa leo atakuwa msimamizi wa zamu siku moto utakapowashwa. Kikingoja mgodi ufunguliwe, tutaagiza na wasimamizi. Na nadhani hili linaumiza kuliko jembe la kuagiza: kuagiza mtu wa kutuonyesha chuma kinavyoyeyushwa kwenye milima ambako babu zetu walikiyeyusha.

Ofisi hiyo ikishapatikana, kazi yake ya kwanza iwe kwenda Mundindi na Nkomang'ombe. Fidia ilichelewa, na wanaongoja mgodi wana haki ya kuambiwa tarehe, hata kama tarehe hiyo ni ya mbali, ili ajue mtu apande mti au asipande. Tukishindwa kuwaheshimu hao wachache, hatutaweza kuratibu megawati na mabehewa.

Ewe msomaji wa Njombe, Makambako na Ludewa, mbunge wako anakaa Dodoma wakati wa bajeti kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Kabla hajaondoka, mfuate nyumbani kwake, umsalimu vizuri, kisha umuulize jambo moja tu: ni nani, kwa jina, mwenye daftari la Liganga? Akikupa jina la wizara, mrudishie swali.